Nguo ya Kutokea Kando

Watu wa kanisani kwetu wanadhani navaa mitumba kwa ubahili. Vijana waliosoma wanasema bibi anatunza mazingira. Wote wanasema kwa kuwa midomo ni yao. Mimi nilianza kuvaa nguo zilizovaliwa na wengine kwa sababu kifo kilinifungia ndani na hapakuwa na kitu kingine cha kutokea. Shule niliachia darasa la nne, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema.

Tulikuwa tunakaa Mogitu, mume wangu na mimi na binti yetu mmoja, mdogo bado, wa umri wa kutumwa kijinga cha moto kwa jirani. Mume wangu alikuwa kibarua kwenye mashamba ya ngano ya serikali, kule chini tambarare. Ukisimama nyuma ya nyumba yetu msimu wa mavuno uliona mashine zinatembea kwa mbali, ndogo kama kupe, na vumbi limezifuata. Wakati huo alikuwa anatuacha wiki nyingi. Analala huko huko juu ya magunia, chini ya trela, na baridi ya kule mnaijua.

Mwaka ule alirudi nyuma ya lori, amefunikwa turubai. Alikuwa ameshakufa. Kichomi, walisema. Dereva na mwenzake walimshusha, wakashusha na buti zake na overoli yake, kisha dereva akaomba maji. Nikampa. Baada yake, kikombe changu hakikunywewa na mtu mwingine kwa muda mrefu sana.

Watu wetu siku zile, nyumba ikifiwa, waliobaki ndani yake walikaa kando. Kwa lugha yetu jambo hilo lina jina, kwa Kiswahili naliita hivyo tu, kukaa kando. Hufukuzwi wala hutukanwi. Unabaki kwako. Hupiti njia ya watu. Huteki maji wanapoteka watu, unashuka chini zaidi ya hapo. Hupokei moto kwa jirani wala humpi wako. Mbuzi wako hawachanganyiki na wa mtu. Mtu akija na neno anasimama mbali, mnasemezana kwa sauti kama mko kingo mbili za korongo. Kifo kiko juu yako kama tope, na asiyetaka kupakwa anakaa mbali. Hakuna aliyenichukia. Ndiyo maana ilikuwa ngumu, hapakuwa na mtu wa kugombana naye.

Tulikuwa Wakristo, tumebatizwa. Katekista alikuja akasema kwa Mungu hakuna kando. Alisema vizuri, kwa sauti kubwa, akiwa amesimama barabarani.

Kutoka kuna utaratibu wake. Wazee wakiona muda umetosha, mnanyolewa, majivu ya jikoni yanatolewa, na kila nguo iliyokuwa ndani ya nyumba siku ya kifo inatupwa kichakani, upande jua linakozama. Hupewi ruhusa ya kuichoma wala kuigawa. Kisha unavaa nguo isiyojua msiba, unapita mlangoni, umerudi kwa watu. Nguo hiyo kwa kawaida ilikuwa kaniki au shuka mpya ya dukani. Ya kuazima haifai. Ya ndugu zako haifai, walikuwepo wakizika. Na majirani je? Mwaka ule nani hakuwa amezika mtu? Nguo za watoto wao zenyewe zilikatwa kwenye nguo kuukuu za wazazi. Mpya tu ndiyo ilikuwa na hakika.

Na mpya haikuwepo. Duka la kijiji lilikuwa na mwenye duka na mizani. Kitambaa hakuna, sabuni hakuna, chumvi ukibahatika. Kaka wa marehemu baba mkwe wangu, tuliyemwita baba mkubwa, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho katika mambo haya. Alikuja akasimama penye mti wa mpaka, mkono nyuma.

"Muda wenu umetosha," akasema. "Nguo iko wapi?"

"Hakuna nguo, baba mkubwa. Wewe mwenyewe umeliona duka."

"Basi mtangoja."

"Mpaka lini?"

"Mimi sifumi vitambaa," akasema, akaenda zake.

Ningeweza kungoja. Kungoja nilikuwa nimeshajifunza. Lakini binti yangu alianza kukohoa. Kwanza kikohozi kikavu cha asubuhi, baadaye cha kutwa nzima, kisha nikaanza kuona mbavu zake zinazama kila akivuta pumzi. Upepo ulikuwa unashuka mlima Hanang bila kupumzika. Nilimfunika kwa lile lile blanketi ambalo wazee walikuwa wanataka litupwe. Kumpeleka kutibiwa ni kupita njia ya watu, kukaa benchi moja na wanawake na vichanga vyao. Utaniuliza kwa nini sikupita tu. Kwa sababu niliamini. Hata leo sitasema nilikuwa mjinga. Niliamini kwamba nikipita, mtoto wa mwingine atakufa, na jina langu litakuwa hilo mpaka naingia kaburini. Kwa hiyo nilikaa na mtoto magotini, nahesabu pumzi zake, na baba yake alikuwa amekufa kwa kifua hicho hicho.

Mama yangu mzazi alikuwa anakaa kijiji cha Daudi, kule juu. Habari ikamfikia. Akashuka na mzigo wa maharage kichwani, akafikia kwa mtu wa ukoo wetu, asubuhi akaja kwenye ua wangu. Akasimama mbali, upande upepo unakotoka.

"Mlete nimwone!" akapiga kelele.

Nikamnyanyua mtoto mlangoni. Mama alitazama muda mrefu. Hakulia. Mama yangu hakuwa mtu wa kulia mbele ya kazi.

"Mnada wa Katesh ni lini?"

"Kesho, nadhani. Nimeshasahau siku."

"Mrudishe ndani, upepo huo," akasema, akageuka.

Mambo ya mnadani alinisimulia yeye, keshokutwa yake, kwa kelele, mimi niko mlangoni. Wakati ule nguo za mitumba ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kuonekana kwetu. Katesh palikuwa na mama mmoja wa familia ya Waislamu wafanyabiashara, anatandika turubai chini na kumwaga lundo la nguo. Watu waliziita kafa Ulaya, kwa kuwa walidhani zimevuliwa maiti za Wazungu. Wengine walinunua hivyo hivyo. Watu wetu wengi walizipita mbali.

Mama akasimama mbele ya lundo.

"Shikamoo bibi," mwenye nguo akasema. "Karibu, chagua."

"Marahaba. Hii hapa, aliyeivaa yuko hai?"

Yule mama akacheka. "Bibi yangu, mimi nafungua robota, sifungui kaburi."

Mwanamume mmoja aliyekuwa anajipimia suruali akadakia. "Kafa Ulaya hiyo, bibi! Na alikufa ameshiba. Tazama kiuno hiki, tunaingia wawili!"

"Cheka tu," mama akamwambia. "Akija kuivua mwenyewe, nitakuja kucheka na mimi."

Watu wakaangua kicheko, mwanamume akairudisha suruali lundoni. Mwenye nguo akasema, "Bibi, unanifukuzia wateja. Unatafuta nini hasa?"

"Nguo ambayo haijaingia msibani."

"Ya kwangu hii niliyovaa nayo ishaingia. Mfanyabiashara asiyekwenda misibani hanunuliwi."

Pale pembeni, juu ya gunia tupu, alikuwa amekaa mtoto wa yule mama, msichana, anakula muwa, amevaa gauni la njano.

"Na huyu?" mama akauliza. "Ameshapelekwa mazikoni?"

"Mtoto huyu? Atafuata nini mazikoni?"

"Basi nipe gauni lake."

"Nimvue mwanangu mnadani, bibi? Una akili kweli?"

"Mjukuu wangu anakufa," mama akasema. "Hawezi kutoka ndani kwenda kutibiwa mpaka apate nguo. Sina muda wa kukueleza zaidi ya hapo."

Yule mama alimshika mtoto wake mkono, akamzungusha nyuma ya gari la mtu, wakarudi mtoto amevaa sweta la kumfika magotini na muwa wake bado mdomoni. Maharage aliyapokea, biashara ni biashara, lakini ndani ya gauni alikuwa amefunga kipande cha sabuni. Sabuni, mwaka ule.

Baba mkubwa aliitwa. Mama alishika lile gauni mbele yake kwa mikono miwili.

"Limetoka wapi?"

"Mwilini mwa mtoto mzima wa afya, nimemwona kwa macho yangu anakula muwa. Hajawahi kupelekwa kwenye maziko."

Mzee akalitazama, hakuligusa. "Mtoto atatoka," akasema. "Mama yake bado. Mama yake hana nguo."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikasikia. Nilipasha maji moto, nikamnyoa binti yangu, nikamwogesha kwa sabuni ile. Ilimpasa avuke ua peke yake, uchi, aende kwa bibi yake aliyekuwa amesimama penye mti wa mpaka na gauni mkononi. Mimi nisimshike wala nisimsindikize.

Akatoka. Upepo ulikuwa ule ule. Katikati ya ua akasimama akakohoa mpaka akachuchumaa, kisha akageuka akaanza kurudi kwangu.

"Nenda!" nikamwambia.

Akazidi kuja, mikono mbele.

"Nenda kwa bibi!"

Angenigusa yote yangeharibika, gauni lingekuwa limepatikana bure, na hapakuwa na jingine. Nikainua fimbo ya mbuzi. Nikaipiga chini, mbele ya miguu yake. Alinitazama. Kisha akageuka akakimbia, na mama akamdaka na kumvisha gauni pale pale na kumfunga mgongoni. Nilisikia kikohozi chake mpaka walipopita shamba la jirani, halafu nikasikia upepo.

Hospitali ya misheni walimweka siku nyingi. Hayo niliyapata kwa vipande, kwa mtu anayepita na kupaza sauti. Leo anakunywa uji. Leo bado. Leo amekaa. Alipopona mama akamchukua moja kwa moja Daudi. Kurudi kwangu asingeweza, nyumba yangu ilikuwa bado ni ile ile.

Mvua zikaja zikanikuta ndani. Sikuweza kwenda shambani, wala kuomba jembe, wala kuita watu wa kusaidiana. Shamba letu likaota majani. Kule chini mashine zilitoka zikalima, nyeusi mpaka upeo wa macho, zikapanda, ngano ikachipua. Nimekaa naitazama ngano ya serikali inakua na langu ni magugu. Kuna siku nilijikuta nazungumza na sufuria.

Mama alishuka tena maharage yalipovunwa, kuniletea habari na chakula. Akaviacha juu ya jiwe mbali na mlango, akarudi nyuma.

"Mtoto anasemaje?" nikauliza.

"Mnene. Anachunga ndama."

"Ananiulizia?"

Mama akajifunga upya kitambaa cha kichwa. "Alikuwa anauliza."

Kisha, labda kunitoa hapo, akaniambia jambo. Alikuwa amepitia kwa yule mama wa Katesh kumshukuru. Katika mazungumzo yule mama akasema lile gauni la njano nalo alilitoa robotani, wiki mbili tu kabla. Lilikuwa kafa Ulaya kama mengine. Mama hakuwa ameuliza, na mzee hakuwa ameuliza.

"Usimwambie mtu," mama akasema.

"Nitamwambia nani?"

Lakini baada ya kuondoka kwake nilikuwa na kitu cha kufikiria, na nafasi ya kufikiria nilikuwa nayo tele. Mtoto wangu alikuwa hai ndani ya gauni lile. Nikaliwaza robota. Nguo zimevuliwa huko na watu nisiowajua, wafu au wazima. Zimekandamizwa, zimefungwa kwa mikanda ya mabati, zimewekwa gizani. Zimevuka maji, miezi, hakuna aliyezigusa, hakuna aliyezivaa, hakuna aliyezichanganya na zake. Nikasema, sasa mimi nimefanya nini hapa ndani tofauti na hilo?

Nikamtuma mtu amwite baba mkubwa. Akaja penye mti.

"Umepata nguo?"

"Nina swali kwanza. Anayekaa kando anatakaswa na nini, nguo au kukaa?"

Akatafakari, maana alikuwa mtu mzito lakini si mpumbavu. "Kukaa. Nguo ni kumalizia."

"Nguo za robota zimekaa kando. Zimefungwa kuliko mimi. Kama kuna msiba uliokuwa juu yake, zimeshaukalia, na watu wake huko wameshaulia. Mimi nalia wa kwangu, sina haja ya kulia wa Ulaya."

Mbuzi wakapita kati yetu. Mzee alichimba ardhi kwa ncha ya fimbo yake.

"Robota lililofunguliwa limeshashikwashikwa na kila mkono," akasema hatimaye. "Lifunguliwe mbele yangu."

Basi mzee yule, ambaye hakuwahi kusogelea turubai la mitumba, alikwenda Katesh siku ya mnada akasimama mbele ya mfanyabiashara na kumwagiza asikate mabati mpaka yeye amefika karibu. Nimeambiwa watu walijaa kama kwenye mieleka. Mabati yalipokatika na nguo kufumuka, alichomeka fimbo yake ndani akachomoa kitu cha kwanza kilichonasa. Hakuchagua. Lilikuwa koti la mwanamume, la kijivu, refu, vifungo viwili vimekosekana. Alilibeba kwenye ncha ya fimbo njia nzima mpaka Mogitu.

Nilinyolewa. Nilitoa majivu. Nilibeba blanketi, kanga zangu mbili, buti za mume wangu na overoli yake mpaka kichakani. Overoli ilikuwa nzima, haina tundu, mifukoni mna makapi ya ngano. Niliiacha hapo. Kila nikipita miaka iliyofuata niliiona inaoza, kwanza kola, kisha mikono. Kitambaa kizuri kile. Hilo la kutupa ndilo sikukubaliana nalo na sikubaliani nalo mpaka leo.

Nikavaa koti, nikapita mlangoni. Jirani yangu wa kwanza kunisalimia alisema, "Karibu duniani, bwana mkubwa," tukacheka, nikasikia sauti yangu kama ya mtu mgeni.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Baadaye nguo mpya zilirudi madukani, zikajaa, na mimi sikuzirudia. Nikienda mnadani nachagua polepole. Nageuza mifuko, kwa sababu kuna mtu aliyeingiza mikono yake humo. Nafua, naanika, na kabla ya kuvaa namwombea aliyevaa, popote alipo. Katekista wa siku hizi aliniuliza ni sala gani hiyo. Nikamwambia ni ya kumshukuru mwenye nguo, kuna neno gani hapo? Kwangu ni ibada, kwa kuwa nimeona kitu kinachotupwa kikiwa kizima. Nimeona na ardhi ikitupwa hivyo hivyo. Tambarare ile ililimwa na kulimwa, miti ikang'olewa mashine zipite, baadaye maji ya mvua yakachimba makorongo ya kumeza ng'ombe, na mashine zenyewe zikabaki kutu. Wanaonunua na kutupa hawajawahi kukaa mahali ambapo kitu kimoja cha kuvaa ndicho kilichosimama kati ya mtoto na kaburi. Sina la zaidi la kuwaambia.

Nilikuwa nasimulia habari ya mtoto.

Kesho yake baada ya kutoka kando, nilipanda Daudi. Kichwa kinang'aa, nimevaa lile koti la kijivu limenifika miguuni, nimeshika fimbo. Nilipofika kwa mama, nyumba ilikuwa wazi. Binti yangu alikuwa uani anapepeta maharage kwenye ungo, amekua, nywele zimeota, mashavu yamejaa. Hakukohoa. Nilisimama kusikiliza kama atakohoa.

Akaniona. Akaweka ungo chini vizuri, kama alivyofundishwa, akaja mpaka karibu akainamisha kichwa.

"Shikamoo."

"Marahaba," nikasema.

"Bibi yuko mtoni, anarudi sasa hivi," akasema. "Karibu kiti."

Akaingia ndani akaniletea kigoda, akakifuta vumbi kwa kiganja. Akaniletea maji kwa kikombe, kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa kwenye ile fimbo. Nikaiweka chini. Akangoja ninywe, akapokea kikombe, akarudi kwenye maharage yake.

Mama aliporudi alitua ndoo, akatutazama wote wawili. "Huyu ni mama yako," akamwambia.

"Ndiyo, bibi," mtoto akasema. Akainuka kuweka maji ya uji wa mgeni.

Nilikaa kwa mama mpaka niliposikia nyumba yangu inaharibika, nikamwomba mtoto twende. Hakukataa, hakuwa mtoto wa kukataa. Alishika tu upindo wa nguo ya bibi yake na hakuachia. Mama akasema, "Mwache kwanza." Nikashuka Mogitu peke yangu kufyeka magugu. Kila mavuno nilipanda Daudi, na kila nilipofika alinisalimia vizuri, akanifutia kigoda.